Hazina, mapato ya mamlaka au benki: hati fungani ipi ina kinga gani ya kisheria?

Kwa Kiswahili chetu herufi moja inatosha kumpoteza mtu. "Dhamana za serikali" ni karatasi ambazo Serikali yenyewe inaziuza ili kukopa: hati fungani na hati za muda mfupi za Hazina. "Dhamana ya serikali" ni ahadi kwamba mkopaji mwingine akishindwa, Serikali italipa badala yake. Mfanyabiashara wa mtaa wa Majengo hapa Dodoma akiambiwa "hii ina dhamana", anasikia la pili, wakati mara nyingi aliyesema alikuwa na maana ya la kwanza, au hakuwa na maana yoyote zaidi ya kuuza. Neno "mdhamini" lina mtego uleule. Kwenye mikopo ya kawaida mdhamini ni anayelipa deni la mwenzake. Kwenye waraka wa matarajio, yaani kitabu cha maelezo ya hati anachosoma mnunuzi kabla ya kununua, mdhamini wa wenye hati ni kampuni au benki inayosimama kwa niaba ya wanunuzi wote, inayoshika nyaraka, inayodai taarifa na inayoweza kwenda mahakamani. Huyo halipi deni la mtu hata senti moja.

Tunaanza na maneno haya kwa sababu siku hizi mkazi wa Dodoma mwenye akiba anapelekewa karatasi tatu zinazofanana kwa sura. Zote zinaitwa hati fungani, zote zinatajwa pamoja na barabara, maji au maendeleo ya umma, na zote zinalipa riba kwa vipindi. Ila anayedaiwa ni tofauti kila mara, na kinga ya sheria inamfuata anayedaiwa, haifuati jina lililoandikwa juu ya bango.

Karatasi ya kwanza ni hati fungani ya Hazina, inayouzwa kwa mnada na Benki Kuu. Ya pili ni hati fungani ya mapato, ambayo taasisi ya umma inakopa na kuahidi kulipa kutoka kwenye mapato fulani. Mfano wetu wa nyumbani ni hati ya Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, iliyozinduliwa Februari 2024 kutafuta shilingi bilioni 53.12 kwa miaka 10 kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Ya tatu ni hati ya benki inayobeba jina la miundombinu ya umma, kama Samia Infrastructure Bond iliyotolewa na Benki ya CRDB mwishoni mwa 2024: miaka mitano, asilimia 12 kwa mwaka, kianzio shilingi 500,000. Lengo lilikuwa bilioni 150, na zikakusanywa zaidi ya bilioni 320.

Hazina: kinga iko kwenye Katiba

Ibara ya 141 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inasema Deni la Taifa linadhaminiwa na Mfuko Mkuu wa Hazina, na inaeleza kwamba deni hilo ni pamoja na riba na gharama za kulisimamia. Kwa maneno ya sokoni: karibu kila shilingi inayoingia kwa Serikali, kuanzia kodi za forodha mpaka ada, ndiyo inayokulipa. Hakuna mradi mmoja unaoweza kufeli ukakuachia mikono mitupu. Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada ya Serikali, Sura ya 134, inampa Waziri wa Fedha mamlaka ya kukopa kwa niaba ya Serikali, na ni yeye peke yake anayeweza kutoa dhamana ya Serikali kwa mkopo wa mwingine. Barua ya mkurugenzi wa halmashauri si dhamana ya Serikali, hata ikiwa na mihuri mitatu.

Kununua ni rahisi. Unafungua akaunti ya hati kupitia benki au dalali aliyesajiliwa, unaweka zabuni ya kuanzia shilingi milioni moja na kupanda kwa laki moja moja, na ukiwa mtu mdogo unaomba zabuni isiyo ya ushindani ili upewe bei ya wastani badala ya kubahatisha. Riba inaingia benki kila baada ya miezi sita.

Kuna jambo moja sheria haikukingi nalo: bei, kama utauza kabla hati haijaiva. Chukua hati ya miaka 20 yenye riba ya asilimia 12. Ukitaka kuiuza mapema, wakati soko linadai asilimia 15 kwa hati za namna hiyo, mnunuzi atakupa kama shilingi 81 kwa kila 100. Hakuna aliyekudhulumu, ni hesabu tu. Mstaafu anayejua atahitaji pesa ya nyumba baada ya miaka mitatu asiiweke kwenye hati ya miaka 20 kwa sababu tu riba yake ni kubwa.

Tena, kinga ya Katiba haimaanishi kwamba Serikali yoyote duniani haiwezi kuelemewa. Desemba 2022 Ghana ilitangaza mpango wa kubadilishana hati za ndani, na walioshiriki walikabidhiwa hati mpya zenye riba ndogo na muda mrefu zaidi. Bado, kati ya karatasi hizi tatu, ya Hazina ndiyo yenye kinga pana kuliko zote, na atakayekwambia vinginevyo akuoneshe kifungu.

Hati ya mapato: kinga iko kwenye njia ya pesa

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na hapa ndipo tutakapokaa kwa muda.

Hati ya mapato haidai Serikali nzima. Inadai mfereji mmoja wa pesa: bili za maji, ushuru wa soko, ada za stendi. Mfereji ukijaa, unalipwa. Mfereji ukikauka, au ukielekezwa kwingine, unabaki na karatasi. Kwa hiyo swali la kwanza si "taasisi hii ni kubwa kiasi gani?" bali "shilingi ya mteja inapita wapi kabla ya kunifikia, na nani ana mkono wa kuizuia njiani?"

Ifuatilie shilingi hiyo moja. Mama wa Chang'ombe hapa Dodoma anapata ujumbe wa bili wenye kumbukumbu namba ya malipo. Analipa kwa simu. Pesa inapita kwenye mfumo wa malipo wa Serikali na kutua kwenye akaunti ya kukusanyia. Mpaka hapo hajatokea mtu wa kuamua chochote. Uamuzi unaanza kwenye hatua inayofuata: akaunti hiyo iko kwa jina la nani, na nani anatia saini ya kutoa pesa? Kama ni mhasibu na mkurugenzi wa mamlaka peke yao, basi kinga yako ni uaminifu wao na hali ya mwezi huo. Transfoma ya pampu ikiungua, watanunua transfoma. Kama akaunti iko chini ya mdhamini wa wenye hati, na benki ina maagizo yasiyofutika ya kutenga kwanza kiasi cha riba na mtaji (pesa yenyewe uliyokopesha) kila mwezi ndipo salio liende kwa mamlaka, kinga yako inajitekeleza yenyewe bila hakimu. Hii ndiyo tofauti kubwa kabisa kati ya hati nzuri ya mapato na hati mbaya, na mara nyingi inaandikwa kwenye aya moja tu ya waraka, sehemu isiyo na picha.

Nigeria wana mfano wa kueleweka. Jimbo la Lagos linapotoa hati fungani, linasaini agizo lisilofutika la malipo, na pesa ya deni inakatwa kwenye mgao wake wa shirikisho kabla mgao haujalifikia jimbo. Wanunuzi hawahitaji kumwomba gavana. Ukisoma waraka wowote wa hapa kwetu, tafuta kitu chenye nguvu ya aina hiyo. Kisipokuwepo, dai riba kubwa zaidi au acha.

Ghafi au halisi

Neno la pili la kuwinda ni kama ahadi imewekwa juu ya mapato ghafi au mapato halisi. Mapato ghafi ni makusanyo yote, na wewe unakuwa wa kwanza mezani. Mapato halisi ni yanayobaki baada ya kulipa umeme, mishahara, dawa za kutibu maji na matengenezo. Hati nyingi za maji duniani hutumia mapato halisi, na kuna sababu ya haki: pampu isipowashwa hakuna bili ya kumkusanyia mtu. Ila hesabu yake inabadilika ghafla. Tuione kwa tarakimu za mfano, zisizo za taasisi yoyote.

Mamlaka inakusanya bilioni 15 kwa mwaka na kutumia bilioni 9 kuendesha shughuli. Inabaki bilioni 6. Imetoa hati ya bilioni 20 kwa miaka 10 kwa riba ya asilimia 13, hivyo mwaka wa kwanza riba ni bilioni 2.6, na inatenga bilioni 2 kila mwaka kwa ajili ya mtaji. Jumla ya kulipa ni 4.6. Gawa 6 kwa 4.6 unapata 1.30. Sio mbaya: kwa kila shilingi ya deni kuna shilingi moja na senti thelathini.

Sasa makusanyo yapungue kwa asilimia 10 tu, na gharama zibaki palepale, kwa sababu umeme na mishahara havipungui kwa vile mvua imegoma. Makusanyo ni 13.5, yanabaki 4.5, na uwiano unashuka mpaka 0.98. Upungufu wa asilimia 10 juu umekula robo ya kinachobaki chini. Kwa hiyo ukiona waraka unajivunia uwiano wa 1.2 juu ya mapato halisi, fahamu kwamba nafasi ya kujikwaa ni ndogo. Tunashauri usishuke chini ya 1.3, na kwa mradi ambao haujaanza kuingiza pesa usishuke chini ya 1.5.

Akaunti ya akiba, yaani pesa iliyowekwa kando ya kulipia deni mapato yakipungua, ndiyo inayonunua muda. Kwa mfano wetu, akiba ya miezi sita ni bilioni 2.3. Uliza imejazwa lini: siku ya kutoa hati, kutoka kwenye fedha zilizokusanywa, au "taratibu kadiri mapato yatakavyoruhusu"? Maneno hayo ya mwisho yanamaanisha kwamba akiba haitakuwepo siku utakayoihitaji.

Hali ya Dodoma yenyewe

Hakuna haja ya kwenda mbali kuona namna mapato yanavyoyumba. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hili inatoka visima vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora. Kumbukumbu za kina cha maji pale zinaanzia mwaka 1955, na zinaonesha kwamba bonde halijazwi kila mwaka kidogo kidogo. Linajazwa kwa mkupuo, kwenye miaka michache ya mvua kubwa kama El Niño ya 1997/98, halafu linatumika kwa miaka mingi ya ukame. Mamlaka yoyote ya maji ya kanda ya kati itakayokuja na hati ya miaka 10 au 15 inapaswa kuonesha kwenye waraka wake hesabu ya miaka mikavu mitano mfululizo. Ikionesha mstari unaopanda tu, aliyeandika hajaijua nchi ya Wagogo.

Kwenye maji pia bei haipangwi na anayekopa. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ndiyo inayoidhinisha. Utakuta waraka una ahadi kwamba mamlaka "itatunza bei zinazotosha kulipa deni", na ahadi hiyo ni nzuri, ila mamlaka inaweza kuahidi kuomba tu, haiwezi kuahidi kupewa. Ahadi nzito ni ile inayoambatana na idhini ya bei ya miaka kadhaa iliyokwisha kutolewa. Ripoti ya EWURA ya utendaji wa mamlaka za maji inatoka kila mwaka na inasomeka bila shida. Tazama vitu viwili: asilimia ya maji yanayopotea kabla ya kufika kwenye mita, na asilimia ya bili inayokusanywa kweli. Kisha, kwa mji wenye wizara, Bunge na vyuo kama huu, uliza madeni ya taasisi za umma ni kiasi gani na yana umri gani. Ofisi ya umma haikatiwi maji kirahisi kama mpangaji wa Nkuhungu.

Halmashauri zina tatizo lao jingine, zito zaidi kwa maoni yetu: mfereji unaweza kuhamishwa na sheria. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, inaziruhusu kukopa kwa ridhaa ya Waziri. Ila vyanzo vyake havina ulinzi wa kudumu. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulipelekwa TRA, na 2021 ukahamishiwa kwenye LUKU. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Huenda maamuzi hayo yalikuwa na faida zake kwa mkulima na mwenye nyumba. Lakini fikiria ungekuwa na hati ya miaka 10 inayolipwa na ushuru wa mahindi wa Kibaigwa. Magunia yaleyale, malori yaleyale, na pesa yako imepungua zaidi ya nusu kwa kifungu kimoja cha Sheria ya Fedha ya mwezi Juni.

Kwa hati ya halmashauri, basi, tafuta kifungu cha mbadala: chanzo kikifutwa au kupunguzwa na sheria, chanzo kipi kinaingia mahali pake, na ndani ya siku ngapi? Angalia pia kilichokwisha kutangulia. Asilimia 10 ya mapato ya ndani, baada ya kutoa mapato lindwa (yaliyokwisha kutengewa matumizi maalumu), inakwenda kisheria kwenye mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hiyo haiguswi, na ni haki yao. Hesabu ya uwiano ianze baada ya hapo.

Ada za stendi zina hatari ya namna yake. Treni ya SGR ilipoanza safari za Dodoma mwaka 2024, abiria wa Dar es Salaam walipata njia nyingine, na halmashauri hata ingeahidi kwa kiapo kwamba haitajenga stendi pinzani isingeweza kuizuia reli ya Taifa. Ahadi ya kutoshindana inamfunga aliyesaini tu.

Mkono uliosaini ulikuwa na mamlaka?

Marekani, ambako hati za mapato zimekuwepo kwa muda mrefu kuliko kwetu, kuna somo la mwaka 1983. Washington Public Power Supply System ilishindwa kulipa hati za dola bilioni 2.25 za mitambo miwili ya nyuklia ambayo haikukamilika. Kisa hakikuwa ukosefu wa wateja wa umeme pekee. Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua kwamba mashirika ya umma yaliyosaini mikataba ya kulipia mitambo hiyo hayakuwa na mamlaka ya kisheria ya kuisaini, na mikataba ikaanguka. Wanunuzi walikuwa na karatasi nzuri zilizosainiwa na mikono isiyo sahihi.

Ndiyo maana kwa hati ya taasisi ya umma tunataka kuona nakala, si kusimuliwa: azimio la bodi au la baraza la madiwani, ridhaa ya Waziri husika, idhini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na maoni ya wakili kwamba sheria iliyoianzisha taasisi inaruhusu kukopa na kuweka mapato rehani. Kimoja kikikosekana, usikubali kuambiwa "kiko njiani".

Marekani hiyohiyo ina mfano wa upande wa pili. Detroit ilipofilisika mwaka 2013, wenye hati za kawaida za jiji walipunguziwa madai yao, ila wenye hati za maji na majitaka walilipwa kikamilifu, kwa kuwa mapato yao yalikuwa yametengwa na sheria ya ufilisi ya kule inayaheshimu mapato maalumu. Hapa kwetu usiihesabu kinga hiyo kama yako. Kwetu kilichotengwa ni kile tu ambacho mkataba na benki vimekitenga.

Mambo yakiharibika: mahakamani unapata nini?

Swali hili huulizwa mara chache, na jibu lake linabadilisha namna ya kuchagua.

Kuishtaki Serikali kunafuata Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5. Unatoa kwanza notisi ya siku 90, shauri linafunguliwa Mahakama Kuu. Marekebisho ya 2020 yalipanua utaratibu huo kwa serikali za mitaa, wakala na mashirika ya umma, na kumfanya Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe kwenye shauri. Ukishinda, huwezi kumtuma dalali wa mahakama akamate gari au jengo la Serikali. Unapewa hati ya amri ya mahakama, na unasubiri ofisi husika ilipe.

Maana yake kwa mnunuzi ni hii: rehani juu ya mabomba, matangi na mitambo ya kutibu maji ina thamani ndogo kuliko inavyoonekana kwenye waraka. Hakuna hakimu atakayekukabidhi tangi la mji wenye watu laki kadhaa ulifunge kwa kufuli, na hata ungekabidhiwa ungelifanyia nini? Pesa iliyokwisha kutengwa kwenye akaunti ya mdhamini ni kitu kingine kabisa. Ipo, inahesabika, na haihitaji kukamatwa. Kwa hiyo ukilinganisha hati mbili za mapato, moja yenye orodha ndefu ya mali zilizowekwa rehani na nyingine yenye akaunti iliyofungwa na akiba ya miezi sita, chukua ya pili.

Soma pia masharti ya kumwamsha mdhamini. Kwa kawaida wenye hati wenye sehemu fulani ya deni ndio wanaoweza kumlazimisha achukue hatua. Wewe wa milioni tano huifikii sehemu hiyo peke yako, wala huwezi kumruka ukaenda mahakamani mwenyewe. Basi itafaa ujue nani wengine wamenunua. Mifuko ya pensheni na benki zikiwa ndani, kuna watu wenye mawakili wa kuusukuma mlango. Angalia kama mdhamini ni benki ileile iliyoikopesha mamlaka kwa njia nyingine. Hapo atakuwa na madeni mawili kwa mdaiwa mmoja, na la kwake litamuuma zaidi kuliko lako.

Kosa la kulipa halitokei ghafla. Dalili za mwanzo ni taarifa ya robo mwaka kuchelewa, akiba kutumika bila kujazwa, na mamlaka kuomba ruhusa ya kukopa tena juu ya mapato yaleyale. Kuhusu hilo la mwisho, waraka uwe na kipimo: mkopo mpya wa daraja lako, yaani unaolipwa kwenye foleni moja na wako, usiruhusiwe mpaka mapato ya mwaka uliopita yafikie kiwango kilichotajwa, kama mara 1.3 ya madeni ya zamani na mapya kwa pamoja.

Hati ya benki yenye jina la barabara

Hii ni fupi. Kwenye hati ya CRDB tuliyoitaja, fedha zinakwenda kuwawezesha makandarasi wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ila anayedaiwa ni benki, na ni benki utakayoidai ukichelewa kulipwa. Mkandarasi akikimbia na greda, benki bado inadaiwa kukulipa, kwa mtaji na faida zake zote. Hiyo ni nguvu kweli. Kwa upande wa pili, Serikali haijaahidi kulipa kwa sababu tu jina la Rais na barabara vimo kwenye hati.

Kuna mchanganyiko mwingine unaoumiza. Bodi ya Bima ya Amana inalinda amana za mteja mmoja kwenye benki moja mpaka shilingi milioni 7.5. Hati fungani ya benki si amana. Ukihamisha milioni saba kutoka akaunti ya akiba kwenda kwenye hati ya benki hiyohiyo, umetoka kwenye bima na kuwa mmoja wa wadai. Ukiwa dirishani muulize ofisa, "Dada, hii benki ikifungwa mimi nasimama kwenye foleni ipi, ya wenye amana au ya wadai wa kawaida?" Akijibu kwa kuonesha ukurasa wa waraka, yuko sawa. Akijibu kwamba benki haiwezi kufungwa, chukua waraka ukausome nyumbani.

Kwa hati ya benki kinga ya kila siku ni usimamizi wa Benki Kuu juu ya mtaji na ukwasi, pamoja na hesabu zinazochapishwa kila robo mwaka. Hakuna cha ziada cha kupekua kama kwenye hati ya mapato, na kwa mtu asiye na muda huo ni faida.

Idhini ya mamlaka ya mitaji haisemi hati ni nzuri

Kwa hati za mapato na za benki zinazouzwa kwa umma, waraka wa matarajio unapitishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Idhini inamaanisha taarifa zinazotakiwa zimewekwa. Haimaanishi Mamlaka imekagua kama utalipwa, na waraka wenyewe husema hivyo kwenye kurasa za mbele kwa herufi ndogo. Kinga unayopata hapo ni ya ukweli wa maelezo: wakurugenzi na wataalamu waliosaini wanawajibika kwa taarifa za uongo au zilizofichwa. Tunza nakala ya waraka uliyoisoma siku ya kununua, pamoja na risiti. Kesi ya udanganyifu bila nakala hiyo ni ngumu.

Nani achukue ipi

Mstaafu mwenye kiinua mgongo na hana chanzo kingine: Hazina, na muda wa hati ulingane na siku utakayohitaji mtaji. Usitafute asilimia moja au mbili za juu kwa pesa ya dawa.

Chama cha akiba na mikopo kinachohitaji pesa irudi kwa wanachama kila msimu, baada ya zabibu au alizeti kuuzwa: hati ya benki ya miaka michache inakaa vizuri, kwa sharti kwamba kisiweke zaidi ya theluthi ya akiba kwenye benki moja, ukijumlisha na amana zilizomo humo tayari.

Hati ya mapato ni kwa mwenye uwezo wa kusubiri mpaka iive na wa kusoma waraka wote. Soko la kuiuza mapema ni dogo hata ikiwa imeorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, kwa hiyo chukulia kwamba hutaiuza. Robo ya akiba yako inatosha kuanzia. Tunazipenda hati hizi, tuseme wazi, kwa sababu mji unaojenga visima vyake kwa pesa za wakazi wake una wakazi wanaouliza maswali. Lakini zinunuliwe na macho yaliyo wazi.

Jioni moja inatosha kuukagua waraka ukiufuata kwa mpangilio huu. Fungua kwanza sehemu ya akaunti na ngazi za malipo, uichore kwenye karatasi: pesa inaingia wapi, inatoka kwa saini ya nani, nani anakutangulia. Kisha tafuta maana ya neno "mapato" kwenye faharasa ya waraka, uone kama ni mapato yote ya taasisi au ya mradi mpya peke yake. Mradi ukichelewa mwaka mzima, mapato yake ni sifuri, na riba haichelewi. Halafu fanya ile hesabu ya upungufu wa asilimia 10 kwa tarakimu zao. Baada ya hapo soma vifungu vya kushindwa kulipa, mdhamini na mikopo mipya. Mwisho chukua ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ile inayowasilishwa bungeni hapahapa Dodoma kila Aprili, utafute jina la taasisi: imepata hati safi au yenye mashaka, na hoja za miaka iliyopita zimefungwa au zinarudi kila mwaka zikiwa na maneno yaleyale.

Maswali mawili yaulizwe kwa maandishi kabla ya kulipa: kodi ya zuio kwenye riba ya hati hii ni kiasi gani kwa sheria ya mwaka huu, na kama kodi hiyo ikibadilika nani anabeba? Barua pepe ya dalali ikijibu yote mawili, ichapishe na uiweke kwenye bahasha moja na waraka.